Mbuzi wa Kijani Anaagwa Saa Mbili Usiku

Jumatatu, 6 Machi

Siku mbaya. Kum amerudi kutoka hospitali. Madaktari wamemwambia asinunue koti jipya la baridi. Si kwa maneno hayo. Ndivyo alivyonitafsiria mwenyewe, Tihomir, akicheka, huku mkewe Desanka akiosha kikombe kilekile mpaka nikadhani atakitoboa. Kongosho. Neno hilo mimi nililijua buchani tu.

Tihomir ni kum wangu, msimamizi wangu wa ndoa. Alisimama ubavuni mwangu kanisani siku nilipooa, na siku nilipoachwa alinibebea masanduku. Isitoshe, ndiye fidla ya Mbuzi wa Kijani, bendi pekee ya Kiairishi kati ya Kikinda na mpaka wa Romania. Fidla yake inalia, gitaa langu la umeme linatukana. Ndiyo siri yetu. Mimi ndiye mwanzilishi, mwimbaji na ubongo. Gojko ni dramu. Tulikuwa sita. Mpiga akodiani sasa anaendesha basi Vienna, wa besi anapaka rangi nyumba za watu Stuttgart, wa filimbi kaolewa Malta. Mji huu una bundi wengi kuliko vijana.

Watu huuliza kwa nini Kiairishi. Mimi nimeendesha lori Ulaya nzima. Niliwahi kukwama bandarini Dublin nikisubiri kipuri, nikawajua Waairishi nje ndani. Ni sisi tu, ila wamezungukwa na maji: wanalia wakiimba, wanaimba wakizika, na kushindwa vitani wanakutungia nyimbo.

Nikamwuliza kum anataka nini. Nilidhani atasema bahari. Akasema mambo mawili. Kwanza, maisha yake yote amewapigia watu wanaoenea kwenye benchi moja, na nusu yao wanasubiri mvua ikatike. Anataka ukumbi uliojaa, mara moja tu. Pili, siku atakayozikwa, Desanka asisimame peke yake makaburini kwenye upepo ule.

Nimeapa kwa mkate na chumvi. Yote mawili! Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, mtakatifu wa Waairishi, ni Ijumaa ya wiki ijayo. Mtu aliyepita mipaka mitatu na lori la nguruwe wasio na vyeti hashindwi na viti.

Jumanne, 7 Machi

Nyumba ya Utamaduni. Mkurugenzi anasema Ijumaa hiyo ukumbi ni wa Velizar na orkesta yake ya tambura, vile vigitaa vya kienyeji. Nilijua tu! Velizar hupiga harusi zote za mkoa wetu wa Banat. Walevi humbandika noti kwenye paji la uso, naye hazibandui mpaka afike nyumbani, mtaa mzima umwone.

Nikamfuata. Akanikaribisha kwa madaha: karibu, Bwana Mwairishi. Akasema hata mbuzi wangu akija na ukoo wake wote hawatajaza safu ya kwanza. Nikamwambia masharubu yake yanafaa kufagilia ngazi. Akauliza Tiša, ndivyo amwitavyo Tihomir, anaendeleaje. Nikasema mzima kama kengele. Akasema nichukue ukumbi, yeye atafanyia mazoezi gereji.

Nimemshinda! Kwa hoja tu.

Alhamisi, 9 Machi

Nimebandika mabango mji mzima. Mbuzi mwenye gitaa, rangi ya kijani inayoumiza macho. Nikakaa mkahawani, mkabala na uwanja mkuu, kuona matokeo. Hakuna aliyesimama. Mbwa mmoja alisimama, lakini si kwa kusoma.

Mara Bibi Persida, jirani yangu, huyo na baiskeli yake. Bango nimelibandika mtini, kando ya matangazo ya vifo yenye fremu nyeusi. Akashuka. Akavaa miwani. Akawasoma marehemu wote, mmoja mmoja, akijipiga ishara ya msalaba, kisha akaliruka bango langu kama mtu anavyoruka dimbwi.

Nikamkimbilia. Nikamwuliza kama atakuja Ijumaa. Mwanangu, akasema, hii ni Kwaresima, muziki ni dhambi, na huo wenu ni dhambi hata Pasaka. Yeye siku hizi huenda mazishini tu. Huko hakosi, kwani usipokwenda kwa wenzio, kwako atakuja nani?

Nikabaki nimesimama palepale. Juu yangu bundi wamejaa matawini kama soksi zilizoanikwa. Wazo! Mji huu hausomi chochote isipokuwa vifo. Basi tuwape kifo!

Jioni nimempelekea kum supu ya samaki. Nimeipika mwenyewe, pilipili ya kutosha. Ameshindwa hata nusu bakuli. Akasifu harufu.

Ijumaa, 10 Machi

Duka la maziko. Wanauza majeneza, mishumaa, na wanachapa matangazo. Mama muuzaji akaniuliza jina la marehemu. Nikasema Mbuzi wa Kijani. Hakushtuka, yule ameona mengi. Akauliza fremu. Nikataka ya kijani, kwa heshima ya mbuzi. Akasema kijani ni ya Waislamu, je, marehemu alikuwa Mwislamu? Nikasema marehemu ni mbuzi. Akanitazama sana, akanipa nyeusi.

Maneno nimetunga mwenyewe. Nilitoka shule mapema, lakini kalamu ninayo: “Kwa majonzi makubwa tunawatangazia kwamba bendi yetu mpendwa, Mbuzi wa Kijani, baada ya maradhi marefu iliyoyavumilia kwa subira, itaagwa Ijumaa saa mbili usiku, Nyumba ya Utamaduni. Nyote mnakaribishwa. Wenye majonzi: wapigaji.”

Mwenye akili ataelewa. Tena atacheka, na anayecheka huja.

Mama yule akasema lazima picha, bila picha watu hupita tu. Ninayo ya sisi watatu, lakini Gojko amefumba macho na mimi nimevaa kofia yenye pembe. Mwenye tai ni Tihomir peke yake. Tukamkata yeye.

Jumamosi, 11 Machi

Mimi na Gojko tumebandika kila mti na kila nguzo. Gojko anafanya kazi kiwanda cha vigae, hana maneno mengi. Alinishikia gundi akitazama picha ile. Akauliza, kaka, una hakika? Nikamwambia yeye apige dramu, kufikiri aniachie mimi.

Matokeo ya papo hapo! Kabla hatujamaliza uwanja, watu wamezunguka mti. Wanatikisa vichwa. Wanavua kofia. Sijawahi kuona tangazo letu likivuliwa kofia.

Jumapili, 12 Machi

Maafa!

Desanka alinipigia simu kabla sijanywa kahawa. Nilipofika, kahawa ilikuwapo ya kunywesha kambi ya jeshi. Watu wamejipanga kuanzia lango hadi barabarani, kila mmoja na pakiti ya kahawa, sukari ya vipande, chupa ya rakia, pombe yetu kali ya matunda. Wamekuja msibani.

Wa kwanza, bila shaka, Bibi Persida. Mlango alifunguliwa na Tihomir mwenyewe, yuko na pajama. Bibi akampa mkono, akamwambia pole sana, mwanangu, Mungu amrehemu, akampita, akaingia sebuleni akauliza maiti imelazwa wapi. Ndipo akageuka. Wanasema ukelele wake ulisikika stesheni.

Alipewa maji ya sukari. Desanka akataka kumrudishia kahawa yake. Akakataa kabisa! Kahawa iliyopelekwa msibani hairudi, ikirudi inarudi na msiba. Waliofuata nao vivyo hivyo. Wanaingia wanalia, wanamwona, wanapiga kelele, wanaacha kahawa.

Nikajitetea. Nikasema maandishi yako wazi. Kumbe hakuna aliyesoma. Huku kwetu watu hutazama picha, huangalia saa, basi. Na mtini pale uwanjani bundi walishafanya yao juu ya maandishi. Picha imebaki safi. Nikauliza, na hiyo saa mbili usiku je? Nani amewahi kuzikwa gizani? Bibi Persida akasema walidhani ndivyo Waairishi wanavyozika.

Desanka akanirushia pakiti ya kahawa. Ile ya nusu kilo. Ana shabaha nzuri.

Tihomir alicheka. Alicheka mpaka akajishika ubavu, mpaka akakohoa, mpaka kitambaa kikawa na damu, na sote kicheko kikatuishia isipokuwa yeye. Nikasema ninakwenda kubandua yote sasa hivi. Akasema, acha. Akaomba kiti chake kisogezwe dirishani. Akakaa hapo mpaka jioni, anatazama nani anakuja. Akanionyesha mwalimu wake wa hesabu, yule aliyemwambia hatafika popote. Mzee kaja kwa fimbo, na rakia ya plamu.

Spasoje, akaniambia, mtu anayekufa kawaida hapati kuona haya.

Kwa hiyo mpango haukuwa mbaya. Nalisema hapa kwa vile Desanka hataki kulisikia.

Jumatano, 15 Machi

Mazoezi. Kum hawezi kusimama, anapiga ameketi. Nyimbo za haraka zinamkata pumzi. Katikati ya wa tatu upinde ulimwanguka, Gojko akaacha dramu, akaniambia pembeni, kaka, tusimuue. Nikamjibu ameshakufa, kasome mtini.

Hakuna aliyecheka. Wala mimi. Utani mzuri, umepotea bure.

Mjini hakuna habari nyingine. Mchinjaji ananiuliza kama ni kweli marehemu atapiga. Kinyozi pia. Padri kanikamata sokoni, akaniambia nina bahati kwamba ni Kwaresima, kipindi cha kusamehe. Nikamkaribisha.

Jumamosi, 18 Machi

Jana! Jana! Jana!

Ukumbi ulijaa! Watu mpaka ngazini, mpaka madirishani! Wengine walikuja kumwona maiti anayepiga fidla. Wengine waliona aibu, walishamlilia. Wengine, nahisi, walikuja kuona kahawa yao imekwenda wapi. Sawa tu. Kiti ni kiti.

Walileta maua. Lakini waliyanunua kabla hawajajua vizuri, au hawakujua walete ya aina gani, maana mashada yote yalikuwa ya mawili, ya manne, ya sita. Hayo ni maua ya kaburi. Aliye hai hupewa matatu au matano. Tihomir, ameketi jukwaani, suti inampwaya kama ya kaka yake mkubwa, akachukua kila shada, akachomoa ua moja, akampa Desanka. Yaliyobaki yakawa ya mtu aliye hai. Desanka akakaa safu ya mbele amekumbatia yale yaliyochomolewa, rundo zima.

Tukaanza. Nyimbo za haraka, nyimbo za baharini, nyimbo za mlevi aliyepoteza punda. Gitaa langu lilitukana kama dereva wa lori. Bibi Persida na kitambaa chake cheusi, uso wa mazishi, lakini mguu! Mguu ulikuwa unacheza, Kwaresima hiyohiyo! Nimeuona.

Mwisho kum akapiga ule wa polepole, aliomtungia Desanka walipokuwa vijana. Gojko akaweka vijiti chini, jambo asilofanya hata tukisimama kimya kukumbuka wafu. Mimi nikalizima gitaa. Ilikuwa fidla peke yake. Sijui kueleza. Ni kama mtu anafunga nyumba, chumba baada ya chumba, bila kubamiza mlango.

Sikulia. Ukumbi ule una vumbi, mkurugenzi ajulishwe.

Velizar alisimama mlangoni muda wote, kofia mkononi. Akaniambia fidla haikuwa mbaya. Wivu!

Nilimbeba kum mpaka garini. Alikuwa mwepesi, nimewahi kubeba amplifaya nzito kuliko yeye. Akaninong'oneza: bado moja. Nikamwambia hiyo ndiyo rahisi, kum. Mazishi ya mji huu hujaa yenyewe.

Alhamisi, 23 Machi

Tihomir alikufa jana.

Leo duka la maziko. Mama yule akauliza, picha ileile? Nikasema ileile. Fremu hakuuliza. Maneno sikutunga, nilimwachia Desanka. Nikabandika peke yangu, miti ileile. Bundi wameanza kuondoka, wamebaki wachache wanaonitazama.

Nikaingia mkahawani. Vicheko! Spasoje, safari hii mnapiga saa ngapi? Mmoja akauliza kama kutakuwa na bia. Nikasema ni kweli. Wakapiga makofi. Nikaapa kwa mkate na chumvi. Makofi zaidi. Nikalia mbele yao, mimi, mtu niliyevuka Alpu na breki moja. Mchinjaji akanipiga bega akasema nimeendelea sana, Ijumaa ile sikuigiza vizuri hivi.

Nikaenda kwa Bibi Persida. Huyu atakuja, nikajua, huyu hakosi. Akafungua dirisha kidogo. Mwanangu, akasema, mimi kahawa yangu nilishaleta. Simlilii mtu mmoja mara mbili. Akafunga.

Nimezunguka mji mzima. Nimegonga, nimepiga simu, nimesimama uwanjani nimepaza sauti. Mtoto mmoja akanirushia sarafu.

Jumamosi, 25 Machi

Tulimzika jana.

Padri, Desanka, mimi, Gojko, na wachimba kaburi waliokuwa wanatazama saa. Upepo ule ule alioutaja. Ulichukua kofia ya padri, Gojko akaikimbiza katikati ya misalaba. Desanka hakuuliza watu wako wapi. Laiti angeuliza! Laiti angenirushia kitu! Aliangalia tu njia ya kuingilia makaburini, kisha akaacha kuiangalia.

Nikasimama upande upepo unakotokea. Mimi ni mpana. Lakini si mpana kama mji.

Ndipo nikaona suti nyeusi zinakuja njiani. Velizar. Nyuma yake orkesta nzima, tambura begani kama majembe. Nikamwuliza imekuwaje yeye akaamini. Akasema alisoma. Lote, mpaka chini, ambapo safari hii pameandikwa: mwenye majonzi, mke Desanka. Mwenye mzaha, akasema, huandika jina lake mwenyewe. Jina la mjane haliandiki.

Wakapiga ule wa polepole. Velizar aliusikia mara moja tu, mlangoni, ameushika wote. Kwenye tambura unasikika kama mbu walioalikwa harusini. Wamekosea sehemu mbili, na mwisho waliuharakisha. Nilimweleza baadaye, kwa faida yake. Akanijibu: nyamaza, mpumbavu wewe, kula. Akanisukumia sahani.

Maana tulikuwa nyumbani tayari. Desanka alipika maharage ya mfungo na samaki wa kutosha mtaa mzima, na ngano ya kuchemsha imetiwa sukari, na mshumaa katikati. Masufuria yakabaki yamejaa. Kahawa haikuhitaji kununuliwa. Tulikunywa ile watu waliyomletea kum alipokuwa hai. Ipo, itafika mwaka kesho.

Wakati wa kuondoka Desanka alinishika mkono. Nilijikunja. Akasema, kum, mara ile ya kwanza ulimzika vizuri.

Sijalala tangu hapo.

Jumatatu, 3 Aprili

Desanka anasema arobaini itakuwa yeye, mimi, Gojko na mshumaa. Nisiwaombe watu, akasema, inatosha.

Haitoshi! Niliahidi. Nimekaa nikafikiri, kichwa changu hakijawahi kuniangusha. Tatizo nimelipata. Watu wamechoka kumlilia Tihomir. Ni haki yao, kahawa ni ghali. Kwa hiyo anahitajika marehemu mpya. Mtu maarufu, mtu wa watu, ambaye hakuna aliyewahi kumpelekea hata kijiko cha kahawa.

Nimeazima tai kwa Gojko. Nimepiga picha, uso wa huzuni, nimetoka vizuri sana. Siku hiyo watakuja wote makaburini kunililia mimi, tena kwa wingi, na hapo nitatokea nyuma ya msalaba niseme: ndugu zangu, kwa kuwa mmeshafika, mwashieni Tihomir mshumaa, na mumpe mkono Desanka. Nani atakataa? Kahawa hairudi!

Mama wa duka la maziko ananiuliza marehemu nani. Nikasema mimi. Safari hii hata fremu ya kijani amenipa, hana nguvu za kubishana.

Gojko amekataa kushika gundi. Akasema, kaka, na siku utakapokufa kweli? Nikamwambia asitafute shida za mbali.

Nimebandika chini kidogo, bundi wasifikie. Na kosa la mara ile nimelirekebisha, nimeliona wazi kabisa. Lilikuwa saa. Mtu mwenye akili timamu haagwi saa mbili usiku. Mimi nimeandika saa tano asubuhi.